Hamira ya Kina Tranter

Jumatatu, 9 Juni

Jumamosi kiwanda chetu cha bia kinatimiza miaka mia moja na hamsini. Babu atamwaga hamira kwenye pipa la bia mpya mbele ya wageni, na mtu mmoja atasoma historia. Mtu huyo lazima niwe mimi. Tatizo ni Bwana Gwatkin, mpika bia wetu, ambaye husoma kila mwaka kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya maji. Nimeandika kurasa kumi na moja. Sentensi ya kwanza: "Hamira ya kina Tranter haijafa wala kuchanganyika na ya mtu mwingine tangu 1875." Nimeisoma mbele ya kioo mara sita. Babu kasema ataona nani anastahili. Basi nistahili, haraka.

Jumanne, 10 Juni

Mbinu: usafi. Mwalimu alitufundisha kwamba chakula kizuri huanzia kwenye chombo safi. Nimeingia chumba cha baridi kabla ya shule. Aibu tupu! Pembeni kulikuwa na ndoo ya uji wa kahawia, unatoa mapovu, unanuka ndizi zilizooza. Nikaumwaga. Ndoo nikaisugua kwa magadi na maji ya moto hadi ikang'aa. Kina Pugh, wenye kiwanda kile cha ng'ambo ya daraja, hawana ndoo kama hiyo. Nimemjulisha Clemency Pugh, ambaye nasoma naye darasa moja.

Jumatano, 11 Juni

Ule uji ndio uliokuwa hamira.

Bwana Gwatkin aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akavua kofia kama yuko msibani. Siku zote nilidhani hamira inakaa kwenye chombo cha heshima, labda chenye kifuniko cha fedha. Kumbe huenguliwa juu ya bia inayochacha, ikawekwa ndooni kungojea pishi lijalo. Na hiyo ndiyo pekee iliyokuwepo. Babu yuko Hereford hadi kesho usiku. Nimemsihi Bwana Gwatkin asinisemee.

"Mimi sisemi, binti," akajibu. "Jumamosi bia itasema yenyewe."

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa Clemency. Nimelazimika kusema tafadhali mara tatu, ya tatu kwa sauti, dirisha likiwa wazi. Akanipa ndoo nzima ya hamira yao. Bei yake: asome nusu ya historia. Nimekubali. Nimeivusha darajani kwa baiskeli, nimeifunika kwa sweta ya shule. Katikati ya daraja kifuniko kikaruka. Sweta sasa inachacha. Sentensi ya kwanza sijaibadilisha. Nani atajua?

Ijumaa, 13 Juni

Babu amejua. Alifunua, akanusa mara moja, akauliza hamira ya kina Pugh inatafuta nini kwake. Nikakiri yote, pamoja na magadi. Akaketi juu ya pipa akacheka hadi akakohoa. Akanieleza kwamba mafuriko yalipochukua hamira yetu, yeye akiwa kijana, mzee Pugh alileta ndoo kabla hata ya kuombwa. Miaka kumi na mitano baadaye ya kwao ikaharibika, Babu akawapelekea. Wapika bia wa hapa hawanyimani hamira, hata wasiosalimiana kanisani.

"Imerudi nyumbani tu, mjukuu wangu," akasema. "Ukitaka kusoma, soma hilo."

Kwa hiyo nasoma! Kurasa kumi na moja zimebaki mbili.

Jumamosi, 14 Juni

Nimesoma habari za mafuriko. Sikukosea hata neno. Clemency akasoma nusu yake, na watu wakampigia makofi kabla hajamaliza, jambo ambalo si adabu. Babu akamwaga hamira. Kisha tukangoja. Nimechungulia lile pipa kubwa mara kumi na nne; Bwana Gwatkin akaniuliza kama nimeajiriwa. Saa kumi na moja jioni povu likapanda, jeupe, zito. Nikalia kidogo, kwa sababu ya mvuke.

Jumapili, 15 Juni

Babu ameniomba jambo moja tu: kuanzia leo niulize kwanza, ndipo nisaidie. Nimeahidi kwa moyo wote. Kina Pugh wanatimiza miaka mia moja na hamsini mwakani, nami nimeshaanza kuwaandikia historia yao. Hawajui bado. Nataka wafurahi kwa mshangao. Babu wa babu yake Clemency nimempa vita ambavyo hakupigana, kwa sababu ukurasa wa tatu ulikuwa umepooza.