Anwani Tatu za Kichwani Mwangu

Jumatatu, 8 Septemba

Stima imekatika mara tatu leo. Imerudi mara tatu. Siku njema.

Daftari hili nimepewa na mwalimu wa ngumbaru, darasa letu la watu wazima. Anasema tuandike kila siku, mkono usigande. Shule sikuiona hata dirishani, lakini herufi sasa ninazijua. Asiyezijua aje nimfundishe.

Niandike kazi yangu. Mtandao wa hapa kwetu Mwabungo unatoka kwenye sava. Ni kisanduku cheusi, ukubwa wa kopo la biskuti. Kimekaa ukumbini mwangu, juu ya meza ya cherehani ya marehemu mume wangu. Kina anwani nne. Moja ni yake chenyewe. Tatu kimeongezewa: ya zahanati, ambamo muuguzi Eunice ameweka orodha ya watoto na sindano zao, ya madrasa, na ya kina mama wa mafuta ya nazi, kundi la jirani yangu Sidi. Ukiandika anwani kwenye simu, ukurasa wake unafunguka. Stima ikikatika, sava inalala. Ikiamka inakumbuka anwani yake tu. Zile tatu zimetoka kabisa, kama mlevi na mambo ya jana.

Hapo ndipo ninapoitwa. Bibi Dama, zimepotea! Ninaketi mbele ya kibodi, ninaandika mistari mitatu, zinarudi. Maneno yenyewe ni ya Kizungu. Maana yake siyajui. Ninayajua kwa sura, kama ninavyowajua mbuzi wangu. Fundi wa kwanza, aliyeileta sava, alinionyesha mara moja tu, yakakaa.

Leo wamekuja watu kumi na mmoja. Wamekaa, wamekunywa chai, wamesengenya. Kazi ya dakika moja nimeivuta hadi adhuhuri. Tangu mzee wangu afariki na watoto wahamie Mombasa, nilikuwa nikisikia mchwa wakila boriti. Sasa siwasikii.

Halafu akaja Mzee Mbarak, mwenyekiti wa kamati. Hakukaa. Alisema Sidi ameomba sava ihamishiwe kwake kwa sababu ana sola, na sola haikatiki. Kamati itaamua Jumatano ya wiki ijayo. Akaongeza kwamba wamemwita fundi kutoka Ukunda aje aitibu sava maradhi ya kusahau, ili tuone kama itapona hapo hapo ilipo.

Nikamwambia fundi karibu sana. Mungu anisamehe.

Jumanne, 9 Septemba

Fundi amekuja. Ni mwanamke! Anaitwa Kanyiva, Mkamba, miaka yapata arobaini, buti za kiume. Akaniambia sasa shosho, yaani bibi. Nikamwambia shosho yako yuko Machakos, hapa watu huamkiana. Akacheka, akasema shikamoo. Nikamwitikia marahaba mwanangu. Nikampenda hapo hapo, jambo lililonitia hasira.

Akaitazama sava. Akasema maradhi ni madogo. Zile anwani tatu imeambiwa kwa mdomo tu, haikuandikiwa. Ikiwa macho inazishika. Ikizimwa zimekwenda. Kila ikiamka inasoma faili lake, na ndani ya faili imeandikwa anwani moja. Yeye ataziandika zile tatu chini yake, basi, itakuwa ikijisomea yenyewe hata stima ikatike mara mia.

Nikamuuliza kazi hiyo ni ya muda gani. Dakika kumi.

Dakika kumi! Na baada ya hapo nani atanihitaji mimi?

Nikamwambia mgeni hafanyi kazi na njaa. Wali wa nazi. Samaki wa kupaka. Mbaazi. Akasema kidogo tu, bibi. Nikampa kidogo mara tatu. Nikamtandikia mkeka ukumbini, penye upepo. Akalala mpaka saa kumi, akaamka ametoa macho, akasema mteja wake wa Diani anamngoja. Akaondoka mbio. Faili hakuligusa.

Dama moja, Ukunda sifuri.

Alhamisi, 11 Septemba

Amerudi. Amekataa chakula! Amesema atakula baadaye, amenijua.

Akafungua faili, akaandika. Mimi nyuma ya bega lake, ninakariri vidole. Mistari minne sasa, mmoja juu ya mwingine. Akasema tuizime tuiwashe, tuone kama zitarudi zenyewe. Nikamwambia haiwezekani, Eunice anaitumia saa hizi, ana mgonjwa. Uongo. Eunice alikuwa sokoni, nilimwona kwa macho yangu. Kanyiva akajikuna kichwa. Akasema fundi haondoki bila kujaribu. Nikamwambia binadamu naye hamzimii muuguzi mashine mkononi. Akaona haya. Akala, akaenda zake, akapita kwa Mzee Mbarak kumwambia sava imepona.

Alipofika barabarani nikalifungua faili. Nikafuta mistari mitatu, kuanzia juu, kama tunavyofuta ubao darasani. Ukabaki mmoja. Nikafunga.

Uzuri wake ni kwamba hakuna kilichobadilika. Sava iko macho, anwani zote nne zinafanya kazi. Hakuna atakayejua mpaka stima ikatike. Na stima ya kwetu haijawahi kuniangusha.

Ijumaa, 12 Septemba

Stima haijakatika.

Nilikaanga mahamri arobaini. Hakuja mtu. Nimekula tisa.

Jumamosi, 13 Septemba

Haijakatika! Miaka sita ninaishi na stima hii, haijawahi kukaa siku mbili. Leo inawaka kama ya uwanja wa ndege.

Saa nne nikaichomoa sava mwenyewe. Nikahesabu mpaka ishirini. Nikairudisha. Nikatoka barazani na kanga safi, nikakaa kuwangoja.

Hakuna.

Mpaka alasiri ndipo akapita Chengo, jirani wa nyuma, anakwenda Ukunda na simu yake mfukoni. Nikamuuliza mtandao vipi. Akasema madrasa haifunguki, simu yake imeharibika, anaipeleka kwa fundi wa simu. Nikamuuliza kwa nini asiulize kwangu. Akanishangaa. Bibi, si sava imepona? Mwenyekiti ametangaza.

Kumbe! Kijiji kizima kinalaumu simu zao!

Sidi naye akachungulia juu ya ua, akaniambia ukurasa wao wa mafuta unafunguka vizuri, hongera. Nikamwambia ahsante. Mwanamke huyo ana uongo wa kuzaliwa nao.

Nimeapa. Sigusi kibodi mpaka mtu aje aniombe.

Jumapili, 14 Septemba

Hakuja mtu. Sikugusa. Nimesikia mchwa.

Jumatatu, 15 Septemba

Sijui niandike vipi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa tano Eunice akaingia bila hodi. Hakuniamkia, na Eunice huniamkia hata akiniona kwa mbali. Akasema leo ni siku ya kliniki. Nikakumbuka. Akasema wamekuja kina mama sita ambao vitabu vya watoto wao viliharibika na mvua za masika. Kumbukumbu zao ziko kwenye orodha tu, na orodha haifunguki. Hawezi kumdunga mtoto bila kujua alishadungwa nini. Amewarudisha. Mumbe wa kule juu mashambani alitoka kwake alfajiri kwa miguu, mtoto mgongoni. Amerudi vivyo hivyo. Hakulalamika, akasema Eunice. Hilo ndilo lililomuuma.

Akaketi kwenye kiti cha mume wangu, akafunga macho. Hakuwa ananilaumu. Alidhani sava imeharibika tu.

Nikaandika. Mstari wa zahanati nikaukosea mara mbili, mimi! Mara ya tatu orodha ikafunguka kwenye simu yake. Akaruka.

Tukatuma bodaboda kila njia. Wanne wakarudishwa upesi, wa tano akakutwa kwa shangazi yake. Nikawapelekea uji na mahamri pale pale zahanati. Mumbe hakuonekana. Nikapanda bodaboda mwenyewe. Miaka sabini na moja! Nikamwambia dereva akinitupa nitamfufukia.

Tukamkuta amekaa juu ya jiwe, ananyonyesha. Nikamwambia panda. Akasema pikipiki haitoshi watu watatu na mtoto. Nikamwambia nani amesema watatu, mimi ninarudi kwa miguu. Akaniuliza sava ilikuwa na nini. Nikasema ilikuwa mgonjwa. Akasema masikini, basi iombewe.

Nimetembea saa moja u nusu. Nilikuwa na mengi ya kujiambia, na nimejiambia yote.

Jioni nimempigia Kanyiva. Nimesema njoo, faili lina shida. Shida gani sikusema.

Jumanne, 16 Septemba

Kanyiva amefungua faili. Amekuta mstari mmoja. Akageuka polepole, akauliza nani amefuta. Nikasema panya. Akasema panya anayesoma? Nikasema yuko ngumbaru.

Hakucheka. Nikakiri yote, kuanzia wali wa nazi. Ndipo akacheka, akacheka mpaka akashika meza ya cherehani. Kisha akanionyesha jambo. Mstari wa juu, niliouanzia kufuta, ndio uliokuwa wa sava yenyewe. Wa pili zahanati. Wa tatu madrasa. Uliobaki chini, wa pekee, usiosahaulika hata stima ikatike mara mia, ulikuwa wa mafuta ya nazi. Wa Sidi!

Kwa mkono wangu mwenyewe! Na mwanamke wa watu alikuwa akisema kweli.

Kanyiva akakataa kuandika. Akanisukumia kibodi. Akasema aliyefuta ndiye anayeandika. Nikaandika mistari yote minne, herufi moja moja, yeye amekunja mikono. Nukta moja nilikosea, akanyamaza mpaka nikaiona mwenyewe. Halafu akasema haya bibi, zima.

Nikazima. Nikawasha. Tukangoja. Zikaja zote nne, hakuna aliyezigusa. Nilijisikia kama siku mwanangu wa kwanza alipojifunga kamba za viatu, akaenda zake.

Nikamuuliza Kanyiva kama atamwambia mwenyekiti. Akasema atamwambia panya ameacha.

Jumatano, 17 Septemba

Kamati imekaa kwangu. Watu tisa! Nimepika.

Mzee Mbarak akasema maneno hayatoshi, tuone. Kanyiva akamwambia Sidi achomoe waya yeye mwenyewe. Sidi akauchomoa kwa furaha, kama anayeng'oa jino la adui. Ukarudishwa. Kila mtu na simu yake mkononi. Zahanati, ipo. Madrasa, ipo. Mafuta, yapo.

Mzee Mbarak akasema kama sava inaamka na akili zake, sola ya nini. Inabaki kwa Dama. Imeandikwa.

Wamepiga makofi, wamekula, wameondoka. Sidi amebaki nyuma akifunga kanga yake. Amesema kwake taa zinawaka usiku kucha lakini hakuna anayekuja kuziona, ndiyo maana aliomba. Mtu aliyetaka kuninyang'anya sava! Nimemfungia mihogo akale kwake.

Ijumaa, 19 Septemba

Stima imekatika jana mara nne, leo asubuhi mara mbili. Imerudi kwenye hali yake, Mungu aibariki.

Kila mara sava imelala, imeamka, imejisomea faili lake. Anwani zote zipo. Zahanati haijapotea hata dakika. Nimeikagua mwenyewe, na nitaikagua kila siku. Mwenye kugusa mstari wa zahanati nitamkata vidole.

Hakuja mtu. Jana hakuna, leo hakuna. Nimepata sava, nimekosa watu.

Basi nikafikiri. Saa mbili nimekwenda kwa Mzee Mbarak, nikamuuliza kama anajua kwamba sava inaweza kubeba anwani nyingi zaidi. Hakujua. Nikamwambia yeye mwenyewe anastahili moja, ya matangazo ya kamati. Akajishika ndevu. Nikapita stendi ya bodaboda, wakataka moja. Wafuga mbuzi, moja. Kamati ya harusi ya binti wa Chengo, moja. Sidi amesikia, amekuja hadi kwenye ua kuuliza kama kuna ya kundi lake jipya la ushonaji. Nikasema ipo, kwa nini isiwepo.

Kanyiva nimempigia simu, akaniandalia kurasa zao kutoka huko huko Ukunda. Anwani nikamwambia aniachie mimi. Ni tano mpya. Nimeziingiza zote kabla ya adhuhuri, kwa mdomo. Kwenye faili sijaziandika. Nimejifunza somo langu: mambo ya wagonjwa yaandikwe. Ya mbuzi na harusi yana haraka gani?

Stima imekatika saa saba. Imerudi saa saba u nusu.

Wa kwanza kupiga hodi amekuwa Sidi, simu mkononi. Bibi we, ushonaji umepotea! Ni kazi ya dakika moja. Nimemwambia aketi, itatuchukua mpaka magharibi.