Neno Jipya la Bwana Thirlby

Mji mzima wa Saxelton haukuwa na mtu aliyezaliwa vyema kama Ambrose Thirlby, na ushahidi ulikuwepo: alisema mwenyewe.

Mwaka ule wa 1912 alirudi kutoka London na neno jipya mdomoni, akalitembeza mitaani kama mtu aliyenunua farasi. Yujeniksi. Akawaita watu kwenye ukumbi wa kanisa walisikie, nao wakajaa, maana nje mvua ilinyesha na ndani chai ilikuwa ya bure.

"Neno hili," alisema akitunisha kifua, "msomi wetu mmoja aliliunda kwa Kigiriki, miaka kama thelathini nyuma. Maana yake ni kuzaliwa vyema. Mkulima huchagua mbegu, mfugaji huchagua dume. Kwa nini watu tuoane ovyo ovyo? Dhaifu wasizae, taifa litanyooka."

"Dhaifu ni nani, baba?" aliuliza binti yake, Winifred. Pembeni yake alikaa Edwin Pask, mtoto wa mwoka mikate, na miwani yake minene kama vitako vya chupa. Wiki iliyopita Edwin alileta posa. Hotuba hii ndiyo iliyokuwa majibu.

"Wenye macho mabovu, kwa mfano," alisema Thirlby bila kumtazama mtu, yaani akimtazama Edwin. "Wenye vifua vyembamba. Na wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, ambao busara ingetaka tu..."

Kwenye safu ya mbele, mama yake Thirlby, Bibi Hepzibah, aliacha kutafuna keki.

"Ambrose, mwanangu, wewe ulizaliwa njiti."

"Mama, hapa si mahali..."

"Njiti hasa, miezi saba. Daktari alikuchungulia akasema tusijisumbue. Bibi yake huyu kijana Edwin akakulaza kwenye kikapu cha mikate, kando ya tanuri lake, ukaiva polepole mpaka baridi ikaisha."

Sauti ikatoka nyuma: "Kwa hiyo bwana huyu ni mzaliwa bora au mkate bora?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Thirlby alitafuta neno, Kigiriki kikamkimbia, na Kiingereza nacho kikafuata. Akaketi.

"Na posa yetu, baba?" Winifred akauliza.

"Imepokelewa," alijibu Bibi Hepzibah, akivua shali yake na kumfunika nayo msemaji mbele ya watu wote. "Funga kifua, Ambrose. Humu ndani kuna baridi."