Risasi Tatu Juu ya Kaburi Langu

Ushirombo, Jumanne, 9 Januari 1979
Moyo umechoka. Daktari wa misheni kanikataza hata kupanda ngazi. Sawa, nife! Lakini nataka mazishi ya kijeshi: risasi tatu hewani. Kasoro moja: sijawahi kuwa askari, nimefundisha jiografia tu. Nikamwita Koplo Jilala, anayewafunza mgambo wetu kabla ya kwenda vitani. Nikamwambia miguu yao amekwisha kuikomaza, sasa akili nani ataikomaza, kama si mimi? Akacheka. Hatimaye akakubali: vijana wakisimama imara Jumamosi mbele ya Mkuu wa Wilaya, risasi ninazo. Mke wangu Generoza akanishauri nitubu kwanza. Hana maono!

Alhamisi, 11 Januari
Nimegundua! Kinachomwangusha askari ni maneno. Adui akimtukania mama, atatupa bunduki (kwa sasa ya mti). Dawa: utani. Nimemleta shemeji yangu Melania, muuza pombe, bingwa wa kunisuta tangu nimuoe dada yake. Vijana mguu sawa, yeye awachambue. Atakayecheka au kukasirika azunguke uwanja. Ngassa akaulizwa miguu hiyo kaiazima kwa nani na atairudisha lini. Onesmo akaulizwa kama ile ni pua au mzinga wa nyuki. Wakazunguka wote. Koplo pia.

Ijumaa, 12 Januari
Vijana wamekuwa mawe! Melania katukana mpaka koo likakauka, hakuna aliyepepesa jicho. Koplo akanipigia saluti. Ya kivivu, lakini saluti! Jioni nimechagua mahali pa kaburi, penye mwinuko, risasi zisikike mpaka sokoni.

Jumamosi, 13 Januari
Aibu. Vijana walisimama kama nguzo, Mkuu wa Wilaya akasifu. Laiti ningenyamaza! Nikasimama nieleze kwamba mbinu ni yangu, na malipo ni risasi tatu. Melania akapaza sauti kutoka kwenye umati: "Shemeji, risasi tatu za nini? Kwa moyo huo, ya kwanza tu itakuua tena!" Umati ukaangua kicheko. Nikamrushia fimbo. Ikaangusha soda ya Mkuu wa Wilaya. Koplo akaninong'oneza, kwa heshima zote, kwamba mimi mzee nimekasirika, na sheria ni yangu mwenyewe. Nikaanza kuzunguka uwanja. Nilifika kwenye goli la kwanza. Vijana wakanibeba mpaka nyumbani, nyuso kavu. Hata Ngassa hakucheka. Nimewafundisha vizuri mno.

Jumatatu, 15 Januari
Lori limewachukua alfajiri. Ngassa alipitia kuniaga, akaahidi akitukanwa huko atanikumbuka. Generoza anasema Melania alitaka kuwatania kidogo kwa mara ya mwisho, akaishia kuwapungia mkono. Koplo ameacha ujumbe: risasi zote zinahitajika vitani.
Padre Clemens amenipaka mafuta matakatifu. Nimeungama kiburi chote. Akauliza nimejifunza nini, nikajibu: unyenyekevu. Akafurahi sana. Ndipo nikamuuliza, kwa unyenyekevu, askofu akifa kengele hupigwa kwa muda gani. Malipo ninayo: seminari yao haina mwalimu wa ukakamavu, na Melania yuko tayari.