Siku Kengele Iliposahihishwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Nitasema yote humu, hata yatakayoniaibisha. Mwalimu wa kompyuta ametangaza kwamba programu inayopiga kengele ya shule inahitaji mtunzaji. Atakayenyoosha maelezo yake kufikia Ijumaa ndiye atakayepewa. Maelezo ni ile mistari tunayoandikiana sisi watu; kompyuta huiruka. Yana makosa kama mchele wenye mawe. Naitaka kazi hii kuliko chochote! Binamu yangu, tunayemwita Profesa, naye anaitaka. Anasahihisha kwa jicho, neno moja moja. Maskini.

Jumanne
Njia nimeipata! Kihariri, yaani programu tunayoandikia, hupiga mistari myekundu chini ya kila kitu, hata amri za kompyuta. Hovyo kabisa. Nitakifundisha kupaka maelezo rangi ya kijani, kisha kikague kijani tu. Profesa akasema nijaribu kwenye nakala kwanza, haraka haraka haina baraka. Nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Jumatano
Imekubali! Kijani tupu, toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kama shamba baada ya mvua. Nikabonyeza “Sahihisha yote”. Profesa alikuwa bado ukurasa wa pili. Nilimhurumia kidogo. Si sana.

Alhamisi
Aibu! Nilikionyesha kihariri maelezo yanaanzia wapi, nikasahau kukionyesha yanaishia wapi. Kikadhani programu nzima ni maelezo, kikasahihisha hadi amri. Kengele haikulia. Tulikaa kwenye hesabu mpaka mpishi akatokea mlangoni na mwiko mkononi, akitaka kujua amewakosea nini wanawe hata wamsusie chakula. Mwalimu wa hesabu peke yake ndiye aliyefurahi. Profesa alikuwa na nakala ya zamani, akairudisha bila kunicheka. Nilipoanza kulia akaniambia, “Kula kwanza, dada. Utalia ukishashiba.”

Ijumaa
Profesa ndiye mtunzaji. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikawaka. Kisha akamwomba mwalimu niwe msaidizi wake! Mwalimu amekubali, kwa sharti nisiguse chochote nikiwa peke yangu. Sharti nimelielewa vizuri. Ila leo nimegundua kwamba hata amri zinaweza kupakwa rangi, na Profesa husinzia sana baada ya chakula. Nimemwandikia dada yetu mkubwa, fundi wa kompyuta, anijibu leo leo: mtu akiwa kando yangu amelala fofofo, bado nahesabiwa niko peke yangu?