Nikikohoa, Mtende ni Mgonjwa

Jumamosi, 5 Aprili

Baba amekuwa kiziwi. Si kiziwi kabisa. Mlango ukibamizwa anageuka. Ni sauti nyembamba ndizo zimemhama: ndege, birika linapoanza kuimba, Mama anaponung'unika (hii anaiita rehema). Na funza. Hapo ndipo penye msiba, maana Baba ni tabibu wa mitende. Fukusi mwekundu hutaga ndani ya shina, funza wake wakatafuna gizani, na kwa nje mtende unapendeza kama bibi harusi hadi siku unapoanguka. Baba anatega sikio shinani, ananyamaza, anasema: mzima. Au: mgonjwa. Upande huu wote wa mji wa Rashid wanaapa kwa sikio la Fundi Mahrus.

Leo ameutegea sikio mtende ulio nyuma ya msikiti. Akasema mzima. Mimi nilikuwa nimeuegemea upande wa pili, nimechoka kubeba mfuko wa panga na kamba. Mle ndani mlikuwa na karamu! Walikuwa wanatafuna kama punda aliyepewa mchele mbichi.

Sikusema. Palikuwa na watu.

Mbele za watu ulimi wangu hugeuka kipande cha kitambaa. Ndiyo maana nimeacha shule. Mwalimu alitaka nisome kwa sauti mbele ya darasa, nikajifanya nimezimia, nikagonga dawati, nikazimia kweli.

Nimemwambia Baba nyumbani, sikioni. Alimaliza kwanza maharage yake. Akauliza nimesikia kwa sikio gani. La kushoto. Akaliangalia sikio langu kwa muda, kama mtu anayeona kiatu chake mguuni pa mwingine. Kisha akarudi msikitini kuwaambia kwamba amefikiri upya.

Jumapili, 6 Aprili

Hali ni mbaya kuliko nilivyodhani. Haji Metwalli, mwenye shamba kubwa la kando ya mto, mwezi huu anachagua tabibu mmoja wa mitende yake yote. Ni Baba au ami Gabir, mdogo wake Baba, aliyenunua chombo cha kusikilizia huko Iskandaria. Kina waya na hedifoni. Ami Gabir anatembea nacho shingoni hata sokoni. Leo ametuona na kumpigia Baba kelele kwamba sikio la nyama huzeeka, kaka, lakini la chuma unabadilisha betri tu.

Baba hakumsikia, maana sauti ya ami ni nyembamba kama ya birika. Akatabasamu na kumwombea heri. Ami akadhani anadharauliwa. Sasa hawasemezani.

Baba akilikosa shamba la Metwalli, hakuna atakayemwita tena. Atakaa kizingitini na wazee wanaobishana na nzi. Mtu aliyeishi juu ya mitende! Siwezi kulikubali hilo.

Nina mpango.

Jumatatu, 7 Aprili

Mpango ni huu. Nitaegemea shina kama niliyechoka. Nikiwasikia funza, nitakohoa mara moja. Nikinyamaza, mtende ni mzima. Baba hatasikia kikohozi changu chembamba, lakini ataona mabega. Hakuna mtu atakayehitaji kusema lolote. Huo ndio uzuri wake.

Nilidhani atakasirika. Alichonga mpini wa panga, akachonga, mpini ukabaki kama kijiti cha meno. Akasema nikohoe kama mtu, si kama kuku.

Mama alisikia yote akiwa jikoni. Alisema kwamba nina mdomo, Mungu amenipa, na ndani yake kuna ulimi. Mama haelewi mbinu.

Jumatano, 9 Aprili

Ushindi! Mashamba matatu. Nimekohoa palipostahili, na msumeno ulipopasua wakamwagika funza wanene kama vidole vya mtoto. Wenye mashamba wamembusu Baba mabegani.

Dosari moja. Mama wa muuza samaki amemwambia Mama kwamba kuna mtu alitaka kuja kuniposa lakini amesikia nina kifua kibovu na ninalalia miti.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ya khamsini, ule upepo wa vumbi. Upepo ulitoka jangwani alfajiri, mbingu ikawa rangi ya dengu. Nilimwomba Baba tusitoke. Akasema Hajja Tafida ameita, na Hajja Tafida haambiwi kesho.

Ana mtende mmoja tu, uani kwake. Aliupanda siku aliyozaliwa mwanawe Ihab, na jina lake ni hilo hilo, Ihab. Ihab wa pili, yule mwenye miguu, alipanda boti kwenda Italia kabla sijaanza shule. Boti haikufika. Hajja hakupewa maiti wala kaburi. Ana mtende. Kila Ijumaa anauosha shina kwa kitambaa.

Niliegemea. Nikasikiliza kwa makini kuliko siku zote. Kimya. Ndani mlikuwa kimya na baridi, kama ndani ya mtungi wa maji. Mzima kabisa! Nikafurahi, nikavuta pumzi.

Nikavuta vumbi.

Sikukohoa mara moja. Nilikohoa hadi machozi yakanitoka. Nilipofumbua macho Baba alikuwa ameshavua kofia mbele ya Hajja, amemshika mikono, anamwambia subira, Hajja, ni mgonjwa, tena sana, tukiuacha utaambukiza mtaa mzima.

Hajja alisema kwamba kama Fundi Mahrus amesikia, basi amesikia.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Walikwenda kumwita mwenye msumeno, wakangoja amalize chai. Wakafunga kamba. Majirani wakajaa uani. Kila nilipofungua mdomo kulikuwa na mtu mwingine mpya ananitazama. Nilimvuta Baba mkono. Akanipigapiga mgongoni na kuniambia nimefanya vizuri.

Ulianguka polepole. Hajja alinyoosha mikono kana kwamba ataudaka.

Ndani ulikuwa mweupe kama jibini. Hakuna tundu, hakuna funza, hakuna hata unga. Baba alitazama shina, akanitazama. Sijawahi kuona uso wake vile. Kisha akawaambia watu kwamba ugonjwa uko chini zaidi, mizizini.

Hajja Tafida aliomba kitu kimoja. Kesho, kabla haujachomwa, aonyeshwe mdudu aliyemla Ihab.

Jumapili, 13 Aprili

Mbinu ya dharura. Niliamka mapema, nikaenda nyuma ya msikiti ambako mabaki ya ule mtende mgonjwa yalikuwa bado, nikachokoa funza mmoja, nikamtia kwenye kiberiti. Nikamfikisha kwa Hajja nikiwa nimemficha kifuani. Alikuwa anajinyonganyonga. Nilipata nilichostahili.

Nikamchomeka kwenye kisiki wakati Hajja anaandaa chai. Nikamwonyesha kwa kidole. Aliinama. Alimtazama sana. Akasema, "Mdogo hivi?"

Kisha akamfunika kwa udongo, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka.

Wanaume walikuwa wamekata kichilema, ule moyo wa kileleni, kama wafanyavyo kila mtende unapoanguka. Hajja alikata kipande akala. Akatafuna bila haraka. Akakata kingine akaniwekea mkononi. Kila mtu hapa anajua: mtende ulioliwa na fukusi, moyo wake unanuka na ni mchungu.

"Kula, binti yangu," akaniambia. "Ni mtamu."

Nimekula. Ulikuwa mtamu kama maziwa. Hajja alinitazama hadi nikameza.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimelia. Baba hakutoka. Anakaa ukutani akijaribu sikio lake: anasugua vidole karibu nalo, anangoja, anasugua tena.

Mama amesema niende kwa Hajja Tafida nikamwambie ukweli. Nimesema nitakwenda kesho.

Jumanne, 15 Aprili

Upepo haufai leo.

Jumatano, 16 Aprili

Nimegundua kosa langu. Kosa halikuwa mpango. Kosa lilikuwa kifua! Kifua kikiwa safi, mpango hauna doa. Nimekunywa majani ya mpera yaliyochemshwa, mafuta ya habasoda, asali, kitunguu kilichochomwa. Nimefunga kingine shingoni. Mama anasema natembea kama chungu cha mchuzi. Lakini sikohoi kabisa! Hata nikitaka.

Kesho ni kwa Haji Metwalli. Baba na ami Gabir watapima mitende mbele ya watu.

Alhamisi, 17 Aprili

Sijui kama nitaweza kuandika.

Hapakuwa na upepo. Haji Metwalli alikuwa ameweka viti. Ami Gabir alitangulia. Akavaa hedifoni, akatangaza anasikia funza. Haji akamwambia ajaribu mtende wa pili. Funza. Wa tatu. Funza. Mpuuzi mmoja akamwambia apime nguzo ya umeme. Funza, tena wengi! Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Ami alikung'uta chombo kama mwenye kukung'uta redio. Nilimwonea huruma, lakini kidogo tu.

Ikawa zamu ya Baba. Mtende mrefu wa karibu na pampu. Nikaegemea. Ya Rabi. Ulikuwa umekwisha. Lilikuwa gamba tu limejaa meno. Niliwasikia hadi kwenye shavu.

Nikataka kukohoa. Hakikutoka kitu. Majani ya mpera! Koo lilikuwa laini kama hariri. Nikalazimisha, nikatoa sauti ya kuku. Nikakohoa tena, kwa mabega, kwa mikono, kwa kiuno. Wakati huo huo ami Gabir alikuja akasimama kati yangu na Baba, na chombo chake, kutafuta kasoro. Baba akawa haoni kitu ila mgongo wa mdogo wake.

Baba akasubiri. Akaona kimya. Akasema, "Mzima. Na ili mjue ni mzima, napanda kuusafisha sasa hivi."

Nikakohoa! Haji Metwalli akaagiza niletewe maji. Ami akaja kunipiga mgongoni, akisema maskini mtoto wa kaka yangu, hana lishe. Mwanamke mmoja akanishikia kikombe mdomoni. Wote walikuwa wema mno. Baba alikuwa ameshapitisha kamba kiunoni, anakwea pekupeku kama kijana. Neno moja lingetosha. Shuka. Neno lenyewe nilikuwa nalo, nililihisi hapa, nyuma ya meno. Nikameza maji.

Mtende ulikatika juu kidogo ya katikati, bila sauti kubwa. Kama biskuti.

Ami Gabir ndiye aliyemfikia kwanza. Alimpakata kichwa, analia, anaita kaka, kaka, hedifoni bado masikioni.

Jumamosi, 19 Aprili

Yu hai. Makuti yalimpokea. Amevunjika nyonga na miguu yote miwili. Daktari amesema hatakwea tena, na kuhusu kutembea amesema tumwombe Mungu, kwa sauti ya mtu ambaye yeye hataomba.

Baba alipozinduka aliniuliza kama nilikohoa. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akasema, "Nilijua. Nilijua ungekohoa." Akalala.

Ami Gabir amekiuza chombo. Analala sakafuni, karibu na kitanda cha Baba.

Jumatatu, 21 Aprili

Leo ni sikukuu ya Shamm al-Nasim. Kila mtu yuko kando ya mto na samaki wa chumvi na vitunguu. Sisi tuko ndani na Baba, tumemrudisha nyumbani. Mama amepaka mayai rangi, kwa sababu hajui afanye nini na mikono yake.

Walikuja wageni wawili. Hajja Tafida, na sahani ya samaki. Nyuma yake Haji Metwalli, mikono mitupu.

Haji hakuzunguka. Alisema shambani kwake sasa wanaongea kitu kimoja tu: sikio ni la binti. Hajja amemweleza alichokiona uani kwake. Chombo ni upuuzi, na Fundi Mahrus, Mungu ampe afya, amekwisha. Lakini akasema kazi itabaki nyumba hii kama mimi nitakuja Jumamosi, nisimame mbele ya watu wake, na niseme kwa mdomo: huu mzima, huu mgonjwa. "Kwa mdomo, binti. Vikohozi sitaki. Nimeona vinavyoangusha."

Wakanitazama wote. Baba alinitazama kuliko wote.

Kisha Hajja Tafida akaniuliza, kwa upole, siku ile uani kwake nilikohoa kwa funza au kwa vumbi. Hakutaka mtende urudi, alisema. Alitaka tu kusikia.

Nilifungua mdomo.

Nikakohoa.

Mama aliondoka chumbani. Hajja alisimama, akanishika shavu, akaacha samaki mezani. Haji alisema atangoja hadi Jumamosi.

Jumanne, 22 Aprili

Nimefikiri usiku kucha na nimepata jibu. Nashangaa sikuliona mapema. Kikohozi ndicho kilichokuwa dhaifu!

Jumamosi tutamweka Baba kwenye mkokoteni, juu ya magodoro, na ami Gabir atamwongoza punda hadi kwenye kila shina. Baba atatega sikio kama zamani. Dole gumba la mguu wake wa kulia linachungulia nje ya plasta. Nitalifunga uzi, nitaupitisha chini ya blanketi, nami nitaegemea mtende nikiwa nimeshika ncha nyingine. Nikivuta, mgonjwa. Nisipovuta, mzima. Baba ataona fahari yake, Haji atasikia mdomo wa mtu mzima, na mimi sitalazimika kusema hata neno. Punda wetu ni mtulivu. Hana sababu ya kutembea.

Nimemweleza Baba. Akasema nivute kama mtu, si kama mbuzi.

Tumejaribu jioni hii. Nimevuta. Baba hakuhisi kitu. Nimevuta tena, hadi uzi ukaingia kwenye ngozi ya dole lake, naye ananitazama tu, anangoja, ananiuliza kama nimeshaanza.

Si neno. Nitatafuta uzi mnene zaidi.