Nyumba ya Tata Haivunjwi

Jumamosi, 6 Desemba

Dada Annastella kapiga simu kutoka Mwanza. Hata hali hakuuliza. Yeye na mdogo wetu Datius wa Dodoma wameshakubaliana: nyumba ya wazazi hapa Kanazi ivunjwe Januari, ijengwe mpya yenye vigae na choo cha ndani. Kasema hii iliyopo inawaaibisha.

Inawaaibisha! Nyumba aliyoijenga Tata, baba yetu, kwa kahawa yake mwenyewe! Mabati yalikuja kwa lori kutoka Bukoba, nami nikalikimbilia lile lori mpaka nikang'oka kucha ya kidole gumba. Makaburi yake na ya Mama yapo pale pale migombani, hatua chache kutoka jikoni. Mimi na mke wangu Edvina tunaishi humu kila siku na hatujawahi kuaibika.

Nimemwomba anipe nafasi. Nimesema nitaikarabati mwenyewe, kwa mikono yangu, bila fundi. Kacheka mpaka akakohoa. Kisha kakubali: wote wanakuja Krismasi, na wakikuta nyumba haivuji na inatazamika, itabaki. Wakikuta vinginevyo inavunjwa, na mimi nisifungue mdomo.

Sawa! Mtu aliyekuwa karani wa ghala la kahawa mpaka kustaafu hashindwi na nyumba.

Jirani yangu Mutembei, mwenye dari la jipsamu na taa zinazobadilika rangi, kasikia habari sijui kwa nani. Kaja kuniambia ana fundi mzuri, anaitwa Sayi. Nimemshukuru. Nimemwambia Sayi apumzike.

Jumanne, 9 Desemba

Paa. Kuna jamaa kwenye simu anaonyesha jinsi ya kuziba matundu ya bati kwa lami na vipande vya gunia. Rahisi kabisa, na gunia ninalo.

Tatizo moja. Ukiwa ndani unayaona matundu yote, jua linapenya. Ukipanda juu huoni hata moja. Nimekaa nikafikiri. Nikachonga vijiti, nikapanda juu ya meza, nikachomeka kila tundu kijiti ili kitokeze upande wa pili. Akili hizo! Tata angejivunia.

Ila bati lina kutu. Tundu la kupitisha sindano likawa la kupitisha kidole. Si neno, lami itaziba.

Lami nimeiyeyusha katika sufuria ya Edvina ya kupikia ndizi. Sikumwambia. Kajua kwa harufu akiwa bado kisimani.

Nilipofika juu, nikakumbuka. Tata alikaa pale pale, misumari mdomoni, na Mama chini anamwita ashuke, uji unapoa. Yeye anajifanya hasikii. Kila akitugeukia anatukonyeza. Nimekaa pale nikitazama mibuni yake mpaka machozi yakanitoka. Nilipozinduka, lami ilikuwa imegandia kwenye sufuria pamoja na mwiko.

Chakula cha jioni: viazi vya kuchoma kwenye majivu. Edvina kala vyake akiwa amenipa mgongo.

Alhamisi, 11 Desemba

Mvua. Zamani tulikuwa na sehemu mbili tatu za kuwekea beseni. Leo mabeseni yameisha, ndoo zimeisha, tumeingia kwenye vikombe. Sebule peke yake ndiyo kavu, kwa sababu sikuwahi kuifikia na vijiti vyangu.

Mutembei kaja kutupa pole. Kafunga mwavuli wake mlangoni, kaingia, katazama juu, kaufungua tena. Kasema pole sana, waitu, kwa Kihaya cha heshima. Hakuna neno linaloniudhi kama pole ya mtu aliyesimama chini ya mwavuli ndani ya nyumba yangu.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimeliacha paa kwanza. Leo mlango wa mbele, ule wa mvule. Unakwaruza sakafu, lazima uusukume kwa bega. Nimeung'oa, nimeulaza mezani, nimepima upana wa kiganja, nimekata vizuri sana kwa msumeno. Kukata nilikata vizuri, hilo hata Edvina hakatai. Tatizo nilikata upande wa juu.

Basi nikaugeuza nikakata na wa chini. Sasa haukwaruzi. Lakini juu tunaona nyota na chini kuku wa Mutembei wanaingia bila kuinama. Mmoja katagia chini ya kitanda chetu. Mutembei kaja kudai yai. Nimemwambia lililotagwa kwangu ni langu, kama hataki awafundishe kuku wake adabu.

Jioni nimeufungua na kuufunga mlango ule tena na tena. Kimya. Tangu utoto ulikuwa unakwaruza. Mama alikuwa anajua nani amechelewa kurudi kwa namna ulivyokwaruza, anaita jina lako kutoka chumbani kabla hujaingiza mguu wa pili. Hajawahi kukosea. Nimesikitika, na sikutegemea kusikitika kwa ajili ya mlango.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimepata mkakati mpya. Mgeni anaona nini kwanza? Ukuta wa mbele! Ukuta ukipendeza, nani atatazama juu? Nimenunua rangi ya mafuta, nyeupe ya maziwa, nimepaka tangu asubuhi. Umependeza mno. Edvina mwenyewe kasimama akatazama, karibu atabasamu.

Ili Mutembei auone vizuri kutoka kwake, nimefunga taa kubwa barazani, ile kubwa kuliko zote dukani. Nitaiacha inawaka mpaka asubuhi.

Edvina kasema nizime. Kasema upepo umegeuka, mvua imekatika ghafla, senene wanakuja. Nimemwambia msimu wa panzi hao watamu umekwisha, mwaka huu walikuja kidogo wakaondoka. Kasema Mutembei ametega mapipa na mabati yake na taa, je, yeye ni mjinga? Nimesema ndiyo.

Rangi bado mbichi. Nalala na furaha.

Jumapili, 21 Desemba

Ukuta ni wa kijani.

Senene! Kuanzia msingi mpaka kwenye bati! Wamebanana, wamenasa kwenye rangi, wengine bado wanarusha miguu. Hakuna Mhaya aliyewahi kuwaona senene wengi hivi akatamani kulia.

Mutembei kaja mbio, hata shati hakufunga vifungo. Mapipa yake matupu! Wote wameifuata taa yangu. Kasema senene hawa ni wake, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwasubiri. Nimemwambia awachukue, hao hapo. Kamvuta mmoja. Kapata kiwiliwili, miguu imebaki ukutani. Kamvuta mwingine, vivyo hivyo. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Ni mara ya kwanza kucheka tangu Dada apige simu. Kisha nikautazama ukuta, kicheko kikaisha.

Edvina kajifunga kitenge chake kizuri kaenda misani. Angenigombeza ningepata nafuu.

Nimekwangua kutwa nzima. Mabawa hayatoki. Nimepaka rangi tena juu yake. Sasa ukuta wote una vipele.

Jumatano, 24 Desemba

Wamefika. Datius na mkewe na watoto, Dada Annastella na wajukuu zake. Mvua nayo imefika, saa ile ile.

Dada kasimama mbele ya ukuta. Kaupapasa. Kauliza hivi ni vitu gani. Nimesema ni mtindo mpya. Kavuta kitu kidogo kwa kucha, kakitazama karibu na miwani, kasema hili ni bawa la senene. Nimemweleza yote. Hakucheka wala hakukasirika. Kaingia ndani kupitia mlango wangu, kuku nyuma yake.

Vyumba vyote vinavuja. Vyote! Mizigo ikarundikwa sebuleni. Datius kaanza kupiga simu kuulizia nyumba za wageni Bukoba mjini. Nilitaka ardhi inimeze. Nyumba ya Tata inaondoka, na mimi ndiye niliyeitoboa.

Ni Edvina aliyesema, kwa upole kabisa, kwamba zamani Krismasi watu wa nyumba hii walikuwa wanatandika nyasi mpya sakafuni na kulala wote pamoja. Nyasi alikuwa nazo tayari, amekata mlimani jana, kaanika jikoni. Hakuniambia. Tumezitandika sebule nzima, unene wa godoro.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Sijui niandike vipi.

Tulilala wote sebuleni, wazee na watoto. Harufu ya nyasi ile! Dada kavuta pumzi mara moja tu, akaanza kulia. Kasema anamsikia Mama. Datius, na kitambi chake chote, kagombana na mimi nani alale upande wa ukuta, kama zamani. Kapata yeye. Kama zamani.

Baada ya misa Mutembei kaleta beseni la senene. Safari hii amewapata kwake, na kawaleta ili nijue hivyo. Tumekaa chini tukawanyonyoa mabawa na miguu. Dada kawasimulia watoto jinsi Mama alivyokuwa analinda bakuli kwa mwiko, maana Datius alikuwa anawala kabla hawajakaangwa. Mvua inagonga mabeseni vyumbani, hakuna aliyejali. Wajukuu wameomba wasirudi mjini kamwe.

Nimefurahi mpaka nikaogopa.

Ijumaa, 26 Desemba

Kikao. Dada kasema nyumba haivunjwi.

Haivunjwi! Nimesimama kutoa neno la shukrani. Nimeanza kueleza jinsi nilivyopambana na paa, kisha mlango. Dada kasema nikae. Kasema nyumba imebaki kwa sababu ya nyasi za Edvina, na kwamba ukarabati wangu ungeweza kuangusha kanisa kuu.

Sharti ni moja. Aje fundi Sayi atengeneze kila kitu, wao watamlipa, na mimi nisiguse nyundo, msumeno, lami wala rangi katika nyumba hii mpaka nife. Wanaokubali wanyooshe mkono. Edvina kanyoosha yote miwili. Datius kalibeba sanduku langu la vifaa kalifungia kwenye gari.

Nimeapa mbele yao wote.

Jumapili, 18 Januari

Sayi amemaliza. Mabati mapya, mlango mpya, ukuta laini. Mvua imenyesha jana, hakuna hata tone. Mabeseni yamerudi jikoni. Nyasi Edvina amezitupa migombani, zilikuwa zimeanza kuoza.

Kimya. Wao waliondoka kabla ya mwaka mpya. Nakaa sebuleni, naisikia saa ya ukutani. Zamani sikujua kwamba inapiga kelele.

Nimempigia Datius. Kasema Pasaka hawaji, na Krismasi ijayo wataona. Kasema nyumba sasa ni nzima, wasiwe na wasiwasi nayo, wanifuate nini? Kasema kwa utani. Mimi sikucheka.

Nimempigia Dada. Naye hivyo hivyo, wajukuu wana shule, nauli, safari ndefu. Sijui ilikuwaje, nikajisikia nasema chumba cha nyuma kinavuja. Kashtuka! Kauliza kinavuja sana? Nimesema sana. Kasema basi hapana, Pasaka wanakuja wote, yeye na Datius, watoto na wajukuu, waje wamuulize huyo Sayi vizuri. Na Edvina aandae nyasi, maana wapi tena watalala. Kisha kauliza kwa ukali kama nimegusa kitu chochote. Nimeapa kwamba sijagusa.

Ni kweli, sikuwa nimegusa.

Mutembei kaniazima ngazi, nyundo na msumari mnene. Kavileta mwenyewe mpaka mlangoni, kisha kachukua kiti akaketi kwake barazani kutazama. Edvina yuko misani, natakiwa nifike juu ya chumba cha nyuma kabla hajarudi. Kijiti nimeshachonga, nitakitumia kupima tundu. Sijawahi kumdanganya dada yangu, na sitaanza uzeeni.