Yah: Kuambiwa Simfahamu Profesa Tung

Taipei, 9 Mei

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Kugawa Saa za Darubini ya Angani,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wajumbe wako wote, hata yule mmoja. Mimi ni Mwombaji Namba 2716. Jina silitaji, maana sheria yenu inakataza mwombaji kujitambulisha msije mkapendeleana, nami ni mtu wa kutii sheria. Malalamiko yangu ni haya.

1. Niliomba saa kumi na moja za kuitazama nyota changa moja. Nyota hizi hula kama watoto: gesi nyingine inaingia, nyingine inatemwa juu na chini kwa upepo mkali ajabu. Upepo huo ndio niliotaka kuupima. Mmeninyima. Mjumbe wenu ameandika: "Mwombaji hajamfahamu Profesa Tung Yao-ting. Asome ukurasa wa mwisho wa makala yake." Ndugu Mwenyekiti, bila kuvunja sheria, naomba niseme tu kwamba huyo Tung nakaa naye. Viatu vyake navaa mimi. Juzi aling'olewa jino, nikaumwa mimi.

2. Tung aliandika mwaka 1993 kwamba upepo ule hutoka kwenye nyota yenyewe. Sasa saa zangu kapewa mtu anayedai hutoka kwenye sahani ya gesi na vumbi inayoizunguka. Kisheria simjui ni nani. Ila sentensi zake nimezisahihisha miaka sita, na Jumatatu Dkt. Szu-han, mwanafunzi wangu wa zamani, aliniletea kopo la keki za nanasi bila sababu, akakaa ukingoni mwa kiti akiniuliza habari za mgongo.

3. Mnasema nisubiri mwaka ujao. Nyota ile ina miaka laki moja na bado ni mtoto, yenyewe itasubiri. Mimi nastaafu mwezi wa saba, na dirisha la ofisi yangu limeshapimwa mapazia ya mwingine. Nimemtetea Tung zaidi ya miaka thelathini. Inaniuma kuondoka bila kujua kama nilitetea kweli.

4. Nyumbani nako pameharibika. Nilimsomea mke wangu, Bi Pi-yun, hukumu yenu tukiwa kwenye uji wa asubuhi, nikitegemea atanionea uchungu. Akaendelea kumenya yai la bata.

"Wamesema kweli, mzee," akasema. "Mimi mwenyewe huyo Tung nimeishi naye miaka thelathini na sita, sijamfahamu."

Kwa hiyo naomba mnirudishie saa zangu; au mumwite Profesa Tung mbele ya Kamati anifundishe makala yake mpaka nielewe; au, ikishindikana, mtamke rasmi kwamba hayupo, ili Bi Pi-yun aolewe na mtu anayefahamika.

Wasalimie wajumbe, wake kwa waume, na anayewachemshia chai.

Wako katika utii,
Mwombaji Na. 2716

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimeifungua makala, niupigie mstari ukurasa wa mwisho mpate kuaibika. Nimekuta Tung kaandika: "Siku ikija darubini kali kuliko zetu, ikaonyesha upepo unatoka kwenye sahani, aaminiwe atakayeuona, nisiaminiwe mimi." Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Sikumbuki kuyaandika hayo. Saa zibaki huko huko ziliko. Kesho nampelekea Szu-han daftari zangu zote za nyota ile, na kopo lake. Na mwambieni yule mjumbe kwamba kasema kweli: kijana yule wa 1993 simfahamu, na ningependa sana kumfahamu.

Tung Yao-ting